Mfano Usiodhuru: Maisha ya Mama Expedita Tupas Sumagaysay (1960–2023)

Watu wa Santa Lutgarda, majirani wa Lubog, na ninyi wa Tinagba mliopanda kilima hiki na matope ya Julai yangali viatuni, huyu aliyelala mbele yetu ni Expedita Tupas Sumagaysay, ambaye karibu nyote mlimwita Mama Ditay. Alituagiza kwamba wasifu wake usimpambe, usimlaumu mtu kwa kosa lisilo lake, na umalizike kwa maelekezo. Kwa hiyo tunawaomba, hata jua likichoma, hata mtoto akilia, mtu asiondoke kabla ya mwisho.

Mama Ditay alizaliwa Jumanne, tarehe 19 Aprili 1960, kijijini Lubog, ukingo wa magharibi wa Mto Himuga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Anselmo Tupas, mkulima wa mpunga, na marehemu Consorcia. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Espedito, na padre hakutaka kusikia jina jingine. Nyumba yao ilikuwa ya mianzi, imesimama juu ya nguzo, nguruwe wakilala chini yake. Jikoni kwa bibi yao kulikuwa na chupa nne za pombe zilizofanana kama mapacha: moja ya siki, moja ya mafuta ya nazi, moja ya dawa ya tumbo, moja ya mafuta ya taa. Bibi alizitambua kwa mahali zilipokaa. Siku moja mgeni mwenye nia njema alifagia jikoni akazipanga upya. Jioni hiyo Amador, mdogo wake Ditay, aliumwa tumbo, akanyweshwa mafuta ya taa.

Amador hakufa. Yuko hapa leo, amekaa mstari wa mbele, na mnaosikia kikohozi chake mnajua ni cha tangu lini. Kesho yake Ditay, mtoto wa miaka saba, alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa ya mafuta ya taa.

"Unanifundisha jikoni kwangu?" bibi akafoka.

"Wewe unajua, Bibi," mtoto akajibu. "Lakini ukiumwa wewe, atamimina nani?"

Bibi alinuna siku nzima. Uzi haukufunguliwa.

Alisoma shule ya msingi ya Lubog kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari ya masista hapa Santa Lutgarda, akamaliza mwaka 1977. Masista walimkumbuka kwa daftari ambalo mtoto mwingine angeweza kulisoma bila kuuliza, na kwa ubishi. Alikwenda mjini Iloilo kusomea uhazili, akahitimu mwaka 1979, akaanza kazi ya kupiga chapa katika duka lililouza mashine za kukoboa mpunga. Huko ndiko alikoanza kuandika maelezo ya namna ya kutumia mashine, kwa sababu wakulima walikuwa wakirudi dukani na vidole vimefungwa vitambaa, na hakuna aliyejali kuuliza walichokuwa wamesoma kabla ya kuumia.

Tarehe 8 Februari 1986 alifunga ndoa na Crisanto Sumagaysay, mwoka biskoti, katika kanisa hilihili lililo nyuma yetu. Walikutana dukani kwa baba yake Crisanto, pale Ditay alipoagiza biskoti mara mbili katika wiki moja akapata za namna mbili. Alitaka kujua kwa nini.

"Kwenye karatasi ya mapishi imeandikwa 'sukari kiasi'," Crisanto alimweleza.

"Kiasi cha nani?"

"Cha anayeoka."

"Na Jumatatu alioka nani?"

"Baba."

"Na leo?"

"Mimi. Mimi napenda tamu, dada. Utanikata shingo?"

"Sikukati shingo. Nipe kalamu."

Aliandika upya mapishi yote ya duka lile: kikombe kipi, kimejazwa mpaka wapi, moto kiasi gani, na biskoti ikiwa tayari inaonekanaje. Baba yake Crisanto alipoyasoma alimwambia mwanawe, "Muoe huyu, au mfukuze. Katikati hapafai." Karatasi ile ingali ukutani, imekuwa ya rangi ya kahawia kama biskoti zenyewe. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Jovencio, aliyezaliwa mwaka 1990.

Mwaka 1991 Mama Ditay alikwenda Manila, akaajiriwa na kampuni iliyotengeneza programu za kuendesha pampu za maji. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya mipangilio, yaani kumwambia mtu aliyesimama mbele ya kompyuta kila kitu anachotakiwa kuijaza: aandike nini, kwa kipimo gani, na akiacha wazi itakuwaje. Ni kazi ambayo watu hawaioni mpaka iharibike. Yake iliharibika mwaka wake wa pili. Katika ukurasa mmoja aliweka mfano wa namba ya saa za kuendesha pampu, namba yoyote tu iliyomjia kichwani, ili msomaji aone mahali pa kuandika. Mfugaji mmoja wa samaki, akiwa amechoka, aliunakili mfano ule kama ulivyo. Pampu ilinyonya bwawa lake mpaka tope likaonekana.

Mfugaji yule alisafiri hadi ofisini akiwa na samaki mmoja aliyekufa, amemfunga kwenye gazeti. Akamweka juu ya meza ya Mama Ditay.

"Huyu ni mfano tu, mama," akamwambia. "Wenzake elfu kadhaa nimewaacha nyumbani."

Mama Ditay alisimulia habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka alisema harufu ile haikumtoka puani. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria ambazo sisi wa nyumbani tulizijua kama sala. Kitu kimoja kiitwe jina moja tangu jalada hadi jalada. Kila namba iwe na kipimo chake. Kila hatua iseme ufanye nini, utaona nini, na usipoona ufanye nini. Na kubwa kuliko zote: mfano ukinakiliwa kama ulivyo, na mtu aliyechoka, asiyeuliza, usimdhuru mtu.

Alirudi nyumbani mwaka 1996. Mwaka 2009, vijiji vya mtoni vilipowekewa ving'ora vya mafuriko, ofisi iliyotengeneza programu ya ving'ora hivyo ilimchukua aandike kitabu cha mipangilio. Mnavijua vifaa vyenyewe: boya ndani ya bomba pale darajani, linalopanda na maji, kisanduku cha kompyuta katika ofisi ya kijiji, na king'ora juu ya mlingoti. Mlinzi wa king'ora huandika kwenye kompyuta kina ambacho maji yakikifikia, king'ora kilie. Katika kitabu cha Mama Ditay, ukurasa huo ulisema: andika 3; king'ora kitalia maji yakifika mita tatu kutoka kitako cha mto; ukiacha wazi, kitalia kwenye mita tatu vilevile. Hakuna mlinzi aliyeweza kukosea hapo, hata angejaribu.

Miaka ya mwisho kazi yake aliifanyia nyumbani, akimtumia mkwewe Jelyn, mke wa Jovencio, kama jiwe la kunolea kisu. Jelyn aliishia darasa la sita. Alikaa jikoni akimnyonyesha mwanawe Tintin, karatasi imeegemezwa kwenye chupa ya siki, akisoma kwa sauti huku Mama Ditay akimenya vitunguu.

"Mbona umesita?" Mama alikuwa akiuliza.

"Sijasita, Mama. Mtoto ameniuma."

"Mtoto amekuuma kwenye neno 'thibitisha'?"

"Sawa, nimesita."

"Basi kosa ni langu. Lete."

Alifuta neno akaweka jingine, akamrudishia. Hakuwahi kumcheka msomaji wake. Alisema anayesoma maelezo ya king'ora huenda anasoma akiwa amelowa, anatetemeka, na mkewe anamwita nje.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2021. Ofisi ikagawa kazi yake kwa watu kadhaa, kila mmoja na sura yake ya kitabu na namna yake ya kuandika. Februari mwaka huu kitabu kipya kilifika vijijini. Jalada lilikuwa lilelile la samawati, na nusu ya kurasa zilikuwa za Mama Ditay, hazikuguswa. Nusu nyingine zilikuwa za wageni.

Mwezi wa Mei, siku chache kabla ya sikukuu ya kijiji cha Tinagba, Mama Ditay alipeleka biskoti katika ofisi ya kijiji. Nestor Panes, mlinzi wa king'ora, alimkaribisha kahawa. Mama akatupia jicho kompyuta, kwa mazoea tu.

"Nestor, mwanangu, hii ishirini umeitoa wapi?"

"Kitabuni, Mama. Si kitabu chako?"

"Jalada ni langu."

"Basi! Mimi nikiona mfano wako nanakili, narudi kwenye kahawa yangu. Miaka yote hii sijajuta hata siku moja." Nestor alicheka, akachukua biskoti ya pili.

Mama Ditay hakucheka. Alikuwa akitazama dirishani. "Daraja lina urefu gani kutoka kitako cha mto?"

"Kama mita saba."

"Na msalaba wa kanisa lenu?"

Hapo Nestor aliweka kikombe chini. Mita ishirini zilikuwa juu ya msalaba. King'ora cha Tinagba kilikuwa kimepangwa kilie kijiji kizima kikiwa kimeshazama. Na hakuna aliyejua, kwa sababu kila Jumamosi Nestor alibonyeza kitufe cha majaribio, na king'ora kikalia vizuri, mbwa wakabweka, watu wakasema afadhali tuna king'ora. Kitufe kile hakiulizi kina. Huliza king'ora tu.

Wazee wetu walisema mazoea yana taabu. Mama Ditay alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Mzee Crisanto alimuuliza ana nini. "Mimi ndiye niliyewazoesha kuamini mfano," akasema. "Mtu mwingine angewaandikia ovyo tangu mwanzo, wangejifunza kuuliza."

Nestor alibadilisha ishirini akaandika tatu palepale, na walinzi wa vijiji vya Lubog na Cabatingan wakafanya hivyo baada ya Mama kuwapigia hodi. Kisha alikwenda Iloilo ofisini. Mhandisi Villaruz, aliyesimamia kitabu, alimpokea kwa heshima, akamwagizia soda.

"Mama, watu wazima wanajua mfano ni mfano."

"Nani aliyewaambia?"

"Ni jambo la kawaida."

"Ni la kawaida kwako uliyekaa kwenye kiti kikavu, mwanangu."

Aliahidiwa kwamba kosa litasahihishwa katika chapa ya Januari. Akaomba nakala nzima ya kitabu akisome mwenyewe. Ilimfikia mwishoni mwa Juni, na yeye na Jelyn wakaanza kukisoma jikoni, ukurasa kwa ukurasa, kama zamani. Kitu kilichoitwa kina katika sura moja kiliitwa kizingiti katika nyingine na kiwango cha kengele katika ya tatu, na kila Mama alipokutana na jina jipya alikunja kona ya ukurasa. Kabla ya katikati, kitabu kilikuwa kimevimba.

Jumamosi tarehe 15 Julai, karibu na mwisho, Jelyn alisoma kwamba mtu akibadilisha kizingiti lazima afanye hatua ya pili ya kukituma makao makuu, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, kisanduku kitarudia namba ya zamani.

"Kizingiti ndiyo nini, Mama?"

Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kitunguu. "Ndicho kile kina," akasema. "Soma tena."

Katika ukurasa wa kina, ambao Nestor na wenzake waliufuata, hatua hiyo haikutajwa.

Akampigia Nestor simu. "Umeme umekatika kwenu tangu Mei?"

"Hata mara moja, Mama. Mwaka huu tumebarikiwa. Una nini, mbona unahema?"

"Usizime kitu. Kesho baada ya misa nakuja na ukurasa."

"Si uniambie sasa hivi?"

"Hatua ni saba. Nikikwambia kwa mdomo utafanya sita. Nakuja."

Hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Maelekezo ya kuokoa maisha hayatolewi kwa mdomo. Aliandika ukurasa ule jioni hiyo, Jelyn akausoma bila kusita, ukatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, umeme wa Tinagba ulikatika muda mfupi, ukarudi. Hata feni hazikupata nafasi ya kusimama kabisa. Hakuna aliyeutilia maanani.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku mbili, lakini Tinagba kulikuwa na jua. Alasiri wanaume wote na wanawake wengi walikuwa kwenye uwanja wa jogoo, wakiwapiganisha na kuweka dau. Mama Ditay aliposhuka darajani na mfuko wake wa plastiki, aliona maji yameshapita mstari wa rangi wa mita tatu. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unabeba migomba mizima, na hauna sauti kubwa. King'ora kilikuwa kimya. Alisimulia baadaye kwamba kile kimya ndicho kilichomtisha, kuliko maji.

Ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa, Nestor naye hayupo. Alichukua mfuniko wa sufuria na upawa kwenye kibanda cha supu, akakimbia akigonga. Alipoingia uwanja wa jogoo kelele zilikuwa zimefika darini.

"Mama Ditay naye kaja!" mmoja akapaza sauti. "Unaweka dau kwa jogoo yupi, Mama?"

"Kwa anayejua kuogelea!"

Wakacheka. Kisha aliyekaa karibu na mlango akainua mguu uliolowa, akautazama, na kicheko kikakatika upande huo kwanza, halafu pande zote. Walikimbilia kilima hiki cha kanisa. Mama Ditay alirudi mitaani kuwagongea wagonjwa na wazee, maji yakiwa kiunoni, kisha kifuani, hadi jua lilipozama, kisigino chake kimekatwa na bati. Tinagba nzima ilipanda salama isipokuwa Mzee Fausto Panes, baba yake Nestor, aliyeshuka tena kumfungua nguruwe wake. Alipatikana Lubog siku ya Jumanne. Leo tunamkumbuka pamoja na Mama.

Homa ilimwanza Mama Ditay tarehe 25 Julai. Tulidhani ni mafua. Tarehe 29 macho yake yalikuwa ya njano na mkojo umekoma, akapelekwa hospitali mjini Iloilo. Madaktari walisema ni homa ya mgunda, ile inayoletwa na mkojo wa panya katika maji ya mafuriko na kuingilia kwenye kidonda. Mashine ilisafisha damu yake kwa siku nne. Katika siku hizo hakutaka kuzungumza habari za ugonjwa. Alimtaka Jelyn aandike, naye akawa anamtamkia, akipumzika kati ya sentensi na sentensi: ukurasa wa kubadilisha kina, wenye hatua zote mahali pamoja, na ukurasa mwingine mpya wa kujaribu king'ora bila kitufe, kwa kuvuta boya lenyewe kwa kamba. Alipomaliza aliomba asomewe.

Jelyn alisita mahali pamoja, kwa sababu ya machozi.

"Neno gani?" Mama akauliza.

"Si neno, Mama."

"Basi endelea. Ukurasa hauna kosa."

Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Agosti 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Siku tisa za kumkesha mmekuja wengi, na tunawashukuru kwa kahawa, kwa karata, kwa sala, na kwa kutofagia, maana kufagia nyumba ya msiba huita kifo kingine. Siku ya tatu tulikuta kifaranga juu ya kioo cha jeneza, amewekewa mchele, kama tunavyomfanyia aliyeuawa ili kifaranga adonoe mpaka dhamiri ya muuaji iume. Hatujui nani alimweka, wala hatutauliza. Mhandisi Villaruz alifika siku hiyohiyo na shada la maua. Alisimama pale muda mrefu akisikiliza mdomo mdogo ukigonga kioo, kofia ikilowa jasho mikononi mwake. Mtu mmoja akataka kumwondoa ndege yule kwa aibu.

"Mwacheni," Mzee Crisanto akasema. "Anatafuta chakula tu."

Mhandisi aliondoka bila kunywa kahawa. Hatukumsindikiza hadi langoni. Nyumba ya msiba haisindikizi mtu.

Tarehe 5 Agosti kisanduku kipya, ambacho Mama aliambiwa kinakuja, kiliwekwa Tinagba badala ya kile kilichoharibiwa na maji. Kilikuja na kitabu kilekile. Ofisi inasema kila kitu kiko sawa, na Jumamosi iliyopita kitufe kilibonyezwa, king'ora kikalia. Nestor, ambaye hajavua nguo nyeusi za baba yake, alikataa kugusa kisanduku mpaka apewe ukurasa wa Mama, naye aliufuata juzi Alhamisi, akisoma kila hatua kwa sauti. Lakini umeme umekatika mara mbili tangu hapo. Na watabiri wa hali ya hewa wametangaza dhoruba inayotoka mashariki, itakayofika milimani kesho jioni. Hakuna mtu hapa, tukisema kweli, anayejua kama kisanduku kile kimeshika tatu au ishirini.

Mama Ditay ameacha mume, Crisanto, mwana, Jovencio, ambaye yuko melini mbali na anatusikiliza kwa simu aliyoishika mjomba wake, mkwe, Jelyn, mjukuu, Tintin, ambaye atavushwa juu ya jeneza akiwa na gauni jekundu ili bibi yake asimtembelee usingizini, ndugu zake Amador, Soledad na Primitiva, na vijiji vitatu vya mtoni.

Sasa maelekezo yake. Tunayasoma kama alivyoyatamka.

Wasifu ukiisha, kabla jeneza halijashushwa, watu wote wanyamaze, na wenye watoto wawape titi au biskoti. Nestor yuko darajani Tinagba, anaonekana kutoka hapa, ni yule mwenye shati jeusi. Mtu aliyesimama karibu zaidi na kaburi akipunga kitambaa, Nestor atavuta boya kwa kamba mpaka alama ya mita tatu, na atalishikilia hapo.

Mtasikia king'ora cha Tinagba, sauti moja ndefu isiyokatika. Mkikisikia, nizikeni, mwende mkale.

Msipokisikia, watu wa Tinagba wasirudi nyumbani leo, hata kuchukua nguo, hata kufungua nguruwe. Ukumbi wa kanisa uko wazi na wali umepikwa. Mimi nitasubiri juu ya ardhi mpaka wa mwisho wenu aingie. Sina haraka tena.

Ndiyo maneno yake. Mama Ditay, kazi yako umeimaliza bila kosa. Pumzika kwa amani, sisi tutakesha.

Amador, punga kitambaa. Wengine wote, tunyamaze tusikilize.